Gundi Chini ya Kofia

Kila Jumamosi Ndululu alikuwa na kazi tatu kabla ya chai: kuchota maji, kufagia mbele ya mlango, na kufua sare yake ya shule. Kwa kawaida alizifanya haraka huku akiimba, maana akimaliza alikuwa huru kwenda kwa rafiki yake Lavender. Jumamosi hii hakuimba. Alichota maji kimya, akafagia kimya, na muda wote huo alikuwa amevaa kofia ya sufu iliyomfunika kichwa hadi masikioni, ingawa jua lilikwisha kuanza kuchoma mabati ya nyumba za mtaa wa Raila, Kibera.

"Bado kichwa kinakuuma?" mama yake, Kalondu, alimuuliza huku akimimina chai.

"Ni baridi tu, Mum."

"Baridi gani na jua lote hili?"

Ndululu alijifanya kupuliza chai. Chini ya ile kofia ngozi ya kichwa ilimwasha, hasa nyuma ya sikio la kushoto, kana kwamba siafu walikuwa wakitembea hapo. Alitamani kujikuna lakini aliogopa mama angeona.

Mambo yalianza siku tatu kabla. Kalondu alikuwa na nywele za kushonea, ndefu na nyeusi, ambazo fundi wake wa Kawangware alimshonea kila baada ya majuma kadhaa. Alipozifumua alijifunga leso kichwani, na leso hiyo haikutoka mpaka ashonewe tena. Ndululu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, hakukumbuka kuwahi kuona kichwa cha mama yake kikiwa wazi. Aliwahi kumuuliza kwa nini hatumii nywele zake mwenyewe. Mama alicheka kidogo, akaanza kuzungumza habari za mboga. Basi Ndululu akaamua moyoni kwamba mama anapenda urembo tu.

Jumatano Kalondu alizifumua nywele hizo, akaziosha, akazianika kwenye kamba ambayo nyumba yao na ya jirani yao Mabrouka zilitumia pamoja. Yalikuwa mafungu matatu. Yalipokauka aliyakunja pamoja bila kuyahesabu, akayafunga kwenye gazeti. Ijumaa ilikuwa siku ya vipawa shuleni. Ndululu, Lavender na wasichana wengine watatu wa Gredi ya Sita walikuwa wacheze ngoma mbele ya wazazi.

"Si mamako ako na nywele poa?" Lavender alimwambia. "Leta fungu moja tu. Tukimaliza unarudisha. Hawezi jua."

Ndululu akaleta fungu moja. Hakuna aliyejua kushona, kwa hivyo Lavender alichukua gundi kwenye sanduku la mjomba wake, fundi wa viatu. Walikata lile fungu vipande vipande, wakavibandika kichwani mwa Ndululu mpaka kwenye ngozi. Gundi ilichoma kidogo, kisha ikapoa. Walicheza, wakapigiwa makofi; Kalondu alikuwa kibaruani, hakufika. Walipojaribu kuzitoa, hazikutoka hata kidogo. Kila Lavender alipovuta, machozi yalimtoka Ndululu.

"Kuja kesho asubuhi," Lavender alisema, naye pia ameanza kuogopa. "Tutajaribu mafuta ya taa."

Ndiyo maana Jumamosi hii Ndululu alikuwa na haraka ya kutoka. Alisuuza kikombe chake akaelekea mlangoni.

"Leo huendi kwa Lavender," mama alisema. Uso wake ulikuwa na tabasamu la mtu aliyeficha zawadi. "Tunaenda Kawangware, mimi na wewe. Umepita mtihani vizuri, na nimeongea na Kaveke. Akimaliza kunishonea mimi, atakusuka mistari."

Ndululu aliivuta kofia chini zaidi.

"Leo, Mum? Niko na homuweki nyingi."

"Utafanya kesho."

"Tumbo pia linauma."

Kalondu alimtazama kwa makini. "Kichwa, sasa tumbo. Ndululu, Jumatatu naanza kazi ya mapokezi pale kliniki ya macho. Nimeitafuta kazi hii tangu mwaka jana. Lazima leo nishonewe, na sitaki kukuacha nyumbani ukiumwa. Vaa viatu."

Walipanda kutoka Raila hadi Ngong Road, wakavuka, wakashika Naivasha Road kuelekea Kawangware. Ndululu alitembea nyuma kidogo. Mfuko wa mama ulimgonga mama kwenye paja kwa kila hatua, na ndani yake lilikuwa lile gazeti lenye mafungu mawili badala ya matatu. Jasho lilianza kumtiririka chini ya kofia, na kila lilipofika kwenye gundi liliwasha zaidi. Mara mbili alifungua mdomo aseme. Mara mbili akaufunga.

Mama naye siku hiyo alikuwa na maneno mengi, kama mtu anayejituliza mwenyewe. "Yule mkubwa wa kliniki, siku ya mahojiano, unajua alitazama nini kwanza? Hakutazama vyeti. Alitazama kichwa. Akasema, 'Mtu wa mapokezi lazima awe nadhifu, mgonjwa akiingia anakuona wewe.' Mungu alisaidia siku hiyo nilikuwa nimeshonewa."

"Na kama hungekuwa umeshonewa?" Ndululu aliuliza kwa sauti ndogo.

Mama alikaza fundo la leso yake. "Sijui," alisema.

Saluni ya Kaveke ilikuwa chumba kimoja cha mabati karibu na stendi ya matatu ya namba 46, chenye kioo kirefu, viti vitatu na pazia la maua lililoziba mlango. Kaveke alikuwa mwanamke mnene mwenye vidole vyepesi. Yeye na Kalondu walisoma pamoja Machakos, na waliposalimiana walicheka kwanza kabla ya kuulizana habari.

"Huyu ndiye Ndululu? Amekuwa mrefu! Kaa hapa, mrembo. Toa kofia nione kazi iliyonisubiri."

"Anza na Mum," Ndululu alisema haraka. "Mimi nitangoja, Anti."

Wateja wawili walikuwa mle ndani. Mmoja aliitwa Mama Mburu, muuza mboga, ambaye Kaveke alikuwa anamalizia kumsuka nywele ndefu za kuongezea. Wa pili alikuwa Sumaya, msichana Mnubi kutoka Kibera aliyekuwa anakaribia kuolewa. Kwa kuwa pazia lilikuwa limefungwa na wanaume hawakuingia hapo, alikuwa ameweka hijabu yake magotini, na msaidizi wa Kaveke alikuwa akimsuka kwa uzi mweusi.

Ndululu alitafuta neno lolote la kuwafanya wazungumze, ili zamu yake ichelewe.

"Anti, kwa nini watu wakubwa huongeza nywele? Si wako na zao?"

"Ndululu!" mama alimkemea.

"Mwache aulize," Mama Mburu alisema, akicheka. "Mimi, mwanangu, saa kumi alfajiri niko njiani kwenda sokoni kuchukua sukuma wiki. Nani atanichana saa hizo? Nikisukwa hivi, mwezi mzima naamka, naosha uso, naenda. Hiyo ndiyo siri yangu."

"Mimi napenda tu," Sumaya alisema bila kuona haya. "Bibi yangu alikataa nywele za mtu mwingine, akasema nikitaka kusuka, nisuke kwa uzi. Basi nasuka uzi. Nje hakuna atakayeona. Najionea mwenyewe, na mume wangu ataona."

"Kuna wanaokuja kwa sababu kazini wameambiwa nywele zao zinaonekana chafu, na ni safi kuliko sahani," Kaveke aliongeza. "Kuna waliojifungua, nywele zikaanguka. Kuna anayetaka kubadilika tu kama unavyobadilisha nguo. Mimi siulizi. Mtu akikaa kwenye kiti changu namuuliza kama inauma, basi."

Mama Mburu alilipa akaondoka. Kalondu akakaa kwenye kiti. Alimtazama Ndululu kupitia kioo, akashusha pumzi.

"Na mimi nina sababu yangu," alisema. "Nilitaka uijue leo, kwa sababu umekua. Ndiyo maana nimekuleta."

Akafungua leso.

Ndululu alisogea karibu na kioo. Kuanzia kwenye paji la uso hadi katikati ya kichwa cha mama, na pande zote mbili juu ya masikio, hapakuwa na nywele. Ngozi ilikuwa laini na inang'aa kama ya mtoto mchanga. Nywele zilikuwa zimebaki nyuma tu, na chache utosini. Mama, ambaye watu wa Raila walimsifu kwa nywele zake, alionekana mdogo ghafla kwenye kile kiti.

"Mum, wewe ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Usiogope."

Lakini Ndululu aliogopa sana. Sasa alielewa kile alichokuwa amechukua. Halikuwa pambo. Lilikuwa kitu ambacho mama alikitegemea ili aweze kutoka nje ya mlango.

Kaveke alikwisha kufungua gazeti. "Kalondu, mbona mafungu ni mawili? Haya hayatafunika mbele."

"Ni matatu."

"Ni mawili. Tazama."

Kalondu aligeuka, akapekua gazeti, akapekua mfuko mzima hadi akaumwaga kwenye meza. "Niliyaanika Jumatano yakiwa matatu. Kwenye kamba." Kisha uso wake ukabadilika. "Mabrouka. Kamba ni moja, yangu na yake. Hata aliniuliza kama zimekauka. Kumbe alikuwa anapima!"

"Una hakika?" Kaveke aliuliza.

"Nani mwingine? Mtu ninayemwachia mlango wangu!" Alichukua simu. "Leo atanieleza."

Ndululu alimwona Mabrouka akilini. Ni Mabrouka aliyekuwa akimlisha gurusa, chapati laini za Kinubi, siku ambazo mama alichelewa kazini. Akamfikiria akipokea simu ile, akiitwa mwizi, na majirani wote wakisikia kupitia kuta za mabati. Kidole cha mama kilikuwa tayari kikibonyeza.

"Mum, usimpigie. Ni mimi."

Ndululu alishika kofia kwa mikono miwili akaivua. Vipande vya nywele vilianguka mabegani, vingine vimeshikana na gundi ngumu ya rangi ya njano. Harufu yake ilijaa chumba.

"Hiyo ni gundi ya viatu!" Sumaya alisema kwa mshtuko.

"Nilitaka za kuchezea ngoma," Ndululu alisema huku akilia. "Nilijua nitarudisha. Zikakwama. Mabrouka hajachukua kitu, Mum. Ni mimi."

Kalondu aliweka simu chini. Hakupiga kelele wala hakumpiga. Alimtazama tu binti yake, na macho hayo yalimuuma Ndululu kuliko gundi.

Kaveke ndiye aliyesogea. "Njoo hapa kwenye mwanga. Umejaribu kupaka nini?"

"Bado. Tulikuwa tutumie mafuta ya taa."

"Asante Mungu hamkutumia."

Alipasha moto kidogo mafuta ya kupikia, akayapaka kwa pamba, akangoja, akapaka tena. Hakuvuta. Kipande kimoja kilichukua muda mrefu kutoka, kisha kingine. Vilivyokataa alivikata kwa makasi karibu na ngozi. Kwa zaidi ya saa moja Ndululu aliuma midomo. Alipofika nyuma ya sikio la kushoto, Kaveke alisimama. Hapo ngozi ilikuwa nyekundu, imetoa malengelenge, na sehemu ya ukubwa wa kifuniko cha soda imechubuka.

"Hapa mimi naishia," alisema. "Mimi ni msusi, si daktari. Mpeleke zahanati sasa hivi, Kalondu. Usingoje Jumatatu."

Kalondu alijifunga leso, akamshika mkono binti yake, wakateremka haraka hadi zahanati moja upande wa Kabiro, papo hapo Kawangware. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Gerishon, kijana mpole aliyevaa miwani.

"Umepaka nini hapa?" aliuliza.

Ndululu aliona aibu kutaja. Ingekuwa rahisi kusema ni sabuni. Lakini alikwisha kuchoka na uzito wa kuficha. "Gundi ya viatu."

"Umefanya vizuri kuniambia. Ungesema sabuni, ningetibu sabuni." Akawasha tochi ndogo, akachunguza polepole. Ndululu alihesabu pumzi zake mwenyewe. Alikuwa anaona kichwa cha mama mbele ya macho, laini na kinang'aa.

"Nywele zitaota?" aliuliza.

"Ngozi imeungua juu juu tu. Mizizi iko salama. Tutanyoa zote ili dawa ifike, na zitaota. Ungekaa na hiyo gundi wiki nzima, nisingekuahidi hivyo."

Ndululu alilia tena, safari hii kwa kupata nafuu. Kisha akageuka. "Na za Mum, zitaota?"

Kalondu alishtuka. Mkono ukaenda kwenye leso. Muuguzi alingoja bila kumharakisha. Kalondu alifungua fundo.

"Ni miaka minane hivi tangu zianze kutoka," alisema, akitazama sakafu. "Nilianza kusukwa kwa kukazwa sana nikiwa na umri wa huyu. Paji la uso lilitoka vipele, nililala nimekaa kwa sababu ya maumivu. Wenzangu walisema urembo ni kuvumilia. Nikavumilia. Baadaye nikaweka dawa za kulainisha, nikashonea juu ya vidonda. Nywele zilipoanza kutoka, nikashonea zaidi ili kuficha."

"Uliwahi kumwonyesha daktari?"

"Hapana. Niliona haya. Nilifikiri wataniambia nimejitakia."

Gerishon alichunguza kichwa chake kwa uangalifu uleule. "Hakuna wa kukulaumu hapa. Wengine hupoteza nywele kwa ugonjwa, wengine baada ya kujifungua, wengine kwa kuvutwa kama wewe. Hapa mbele siwezi kukuahidi kitu, ngozi imeshafunga. Lakini juu ya masikio naona vinywele vidogo. Hivyo bado vinapigana. Vipumzishe. Usishonee wala usibandike kitu kwa sasa, na nitakuandikia barua umwone daktari wa ngozi."

"Nisishonee?" Kalondu aliuliza. "Na Jumatatu naanza kazi?"

Swali hilo walirudi nalo kwa Kaveke, na Kaveke ndiye aliyelijibu. Alichukua yale mafungu mawili, akayapima kwenye kofia nyembamba ya wavu, akayakata mafupi. "Nitakushonea wigi, si kichwa," alisema. "Fupi, la kufika masikioni, kwa hivyo mafungu haya yanatosha. Unavaa asubuhi, unavua ukifika nyumbani, na hakuna kinachovutwa. Kesho alasiri ukuje uchukue."

Jumapili jioni Kalondu alirudi na wigi. Alilivaa mbele ya kioo kidogo cha nyumbani, akageuka huku na huku. Lilimkaa vizuri. Kisha akalivua, akaliweka mezani, akaketi kula chakula na binti yake bila leso. Walikuwa vichwa viwili wazi mezani, kimoja kimenyolewa na kufungwa bendeji, kingine kina nywele nyuma tu. Ndululu hakujua aangalie wapi, mpaka mama alipomwambia, "Angalia tu. Ni mimi."

"Nisamehe, Mum. Nilichukua bila kukuomba, na nilinyamaza mpaka karibu umtukane mtu."

"Nimekusamehe. Lakini kwa mwezi mzima Jumamosi zako ni zangu, na kesho baada ya shule utakwenda kwa mjomba wa Lavender umweleze mlivyotumia gundi yake. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Ndiyo, Mum."

Mara pazia la mlango likasogea na Mabrouka akachungulia. "Kalondu, maji yamerudi, leta ndoo kabla ya..." Macho yake yalitua kwenye kichwa cha jirani yake. Mkono wa Kalondu ulinyanyuka kutafuta leso, kisha ukashuka.

"Ingia, jirani," Kalondu alisema. Sauti yake ilikuwa nzito. "Nina jambo la kukuambia. Jana nilikudhania vibaya."

Mabrouka aliketi akasikiliza yote, kuhusu kamba, fungu lililopotea, na simu iliyobaki kidogo kupigwa. Ndululu aliongeza sehemu yake mwenyewe bila kusukumwa.

"Ungenipigia, ningeumia sana," Mabrouka alisema. Kisha akamgusa Kalondu begani. "Na hiki kichwa ndicho ulichokuwa ukikificha? Miaka yote tunaishi ukuta kwa ukuta?" Alitikisa kichwa. "Haya, twende tuchote maji. Yatapotea tena."

Walipochota na kujaza mitungi, Kalondu alimvuta Ndululu karibu naye.

"Sikiliza," alisema. "Kuvaa nywele za kuongeza si kosa. Mwanamke akivaa ana sababu yake, na si lazima akueleze. Kwa hivyo usimcheke, na usidhani unamjua kwa kumtazama kichwa. Lakini mimi na wewe tulikosea mahali pamoja. Mimi nilificha maumivu miaka minane, wewe ulificha gundi siku moja, na kadiri tulivyoficha ndivyo tulivyoumia. Kitu kikiuma mwilini, sema. Ukiharibu kitu cha mtu, sema mapema, kabla mwingine hajabeba kosa lako."

Asubuhi ya Jumatatu walitoka pamoja. Kwenye njia panda Kalondu alirekebisha wigi, akamwuliza binti yake kama liko sawa, naye akamwambia liko sawa. Mama akashika njia ya kazini. Ndululu akaingia shuleni, na kabla hajafika darasani wasichana watatu wa darasa jingine walikwisha kumzunguka wakimkodolea macho.

"Ndululu! Mbona umenyolewa?"

Ndululu akaweka mkoba wake chini.

"Nilibandika nywele kwa gundi ya viatu," alisema, "na nywele hizo sikuwa nimeomba. Ketini niwaambie ilivyokuwa."